Anayesimama kichwani pa mtoto

Mtoto ana siku nne duniani. Uzito wake ni kilo tatu na kidogo, na amelazwa katikati ya meza iliyotengenezwa kwa kimo cha mtu mzima, kiasi kwamba ukiingia chumbani ghafla unaweza kudhani juu ya meza kuna mashuka matupu. Valvu inayopeleka damu kwenye mapafu yake imebana. Chini ya meza kuna tyubu ya eksirei, juu kuna kipokezi cha picha, na ubavuni kuna jozi nyingine ya vifaa hivyo hivyo, kwa sababu moyo mdogo namna hii hutazamwa kutoka pande mbili kwa wakati mmoja. Daktari bingwa wa moyo amesimama usawa wa paja la kulia la mtoto, anasukuma katheta, mrija unaopitishwa ndani ya mshipa hadi moyoni, ulio mwembamba kuliko njiti ya kiberiti. Kati yake na mtoto kuna kioo chenye madini ya risasi, yanayozuia mionzi, kilichoshushwa kutoka darini.

Upande wa kichwa wapo mtaalamu wa usingizi na muuguzi. Mashine ya kupumulia inapiga king'ora. Muuguzi anainama, anaingiza mkono chini ya shuka, anahakikisha mpira wa hewa haujasogea. Katika mwili huu, kutoka mdomoni hadi kwenye moyo hapafiki shubiri moja. Na sekunde hiyo hiyo mguu wa daktari uko kwenye pedali, macho yake yako kwenye skrini, na miale inatoka.

Makala haya ni juu ya huyo aliyeinama.

Kwa miaka mingi mjadala wa mionzi katika vyumba vya katheta umekuwa wa watu wawili, mgonjwa na daktari. Mgonjwa anastahili, hasa akiwa mtoto: seli zake zinagawanyika kwa kasi, ana miaka mingi mbele yake ambamo saratani inaweza kupata nafasi ya kujitokeza, na wengi waliozaliwa na kasoro za moyo hurudi mezani mara mbili, tatu, hata nne kabla hawajawa watu wazima. Daktari naye hujadiliwa kwa sababu yuko karibu na miale, na pia, tuseme ukweli, kwa sababu ndiye anayeandika tafiti. Wengine wote waliomo wamewekwa kwenye neno moja, "timu", na neno hilo limewafunika. Naamini kinga ya mionzi katika vyumba hivi imepangwa kwa kufuata cheo, na kwamba mpangilio huo unakosea zaidi kwenye moyo wa mtoto kuliko mahali pengine, kwa kuwa mwili mdogo huwavuta watu wote karibu.

Tuanze na mionzi yenyewe. Wengi, hata walio kazini, hudhani hatari inatoka kwenye mashine. Tyubu imezungushiwa kinga na miale yake huelekezwa kwa mgonjwa. Mwili hunyonya sehemu kubwa ya miale hiyo, sehemu ndogo hupenya hadi kwenye kipokezi na kuwa picha, na iliyobaki hugonga mwili na kutawanyika kila upande. Huo mtawanyiko ndio unaowapata wafanyakazi. Kwa maneno mengine, katika sekunde zile pedali inapokanyagwa, mtoto mwenyewe ndiye taa inayomulika chumba. Pedali ikiachiwa taa inazimika mara moja, hakuna kinachobaki ukutani wala kwenye mashuka. Wataalamu wa fizikia tiba wana kanuni ya kukadiria: ukisimama mita moja kutoka kwa mgonjwa, unapata takriban sehemu moja ya elfu ya kile kinachoingia kwenye ngozi yake. Na umbali una nguvu kuliko watu wanavyofikiri. Anayetoka nusu mita hadi mita moja kamili anabaki na robo tu ya dozi aliyokuwa akiipata.

Sasa mtoto. Kuna kauli inayozunguka kazini kwamba watoto hawana mionzi mingi. Ina nusu ya ukweli, na nusu hiyo ndiyo inayowalaza watu usingizi. Ni kweli mwili mdogo huhitaji miale kidogo ili upenye, na mtawanyiko wake kwa kila picha ni mdogo ukilinganisha na wa mtu mzima mnene. Lakini hesabu haiishii kwenye picha moja. Moyo wa mtoto mchanga hupiga zaidi ya mara 120 kwa dakika, kwa hiyo timu nyingi huongeza idadi ya picha kwa sekunde ili mwendo usikatike, 15 na wakati mwingine 30. Mishipa ina upana wa milimita chache, kwa hiyo picha hukuzwa, na kwenye mashine nyingi kukuza picha ni kuongeza miale. Tyubu ni mbili badala ya moja, na ile ya ubavuni, ikiwa imekaa upande wa daktari, humrushia mtawanyiko kiunoni na kifuani bila meza kuuzuia. Kisha kila kasoro ina ramani yake. Mioyo iliyozaliwa na kasoro haifanani hata pale ugonjwa unapoitwa kwa jina moja, na njia iliyopitika jana inaweza kugoma leo. Dakika zinaongezeka.

Juu ya yote hayo kuna umbali, na hapa ndipo utetezi wa mwili mdogo unapovunjika. Kwa mtu mzima, anayeshughulika na njia ya hewa yuko hatua nzima kutoka kifuani. Kwa mtoto wa siku nne, kila kitu kiko ndani ya eneo la miale au ukingoni mwake: shingo, mkono wenye sindano ya dawa, mpira wa hewa. Kama mshipa wa paja haukubali, daktari huingilia shingoni, na uso wake unakuwa juu kabisa ya kifua. Dawa ya kuonyesha mishipa, ambayo kwa mtu mzima husukumwa na pampu huku wote wamerudi nyuma, kwa mtoto mdogo mara nyingi husukumwa kwa mkono, mililita chache kwa bomba la sindano, na anayesukuma hawezi kurudi nyuma kama mpira wa kuunganishia ni mfupi. Na wakati wa kusukuma dawa ndio wakati wa kurekodi, ambapo miale kwa sekunde inaweza kuwa karibu mara kumi ya ile ya kutazama tu. Watu wanasogea karibu zaidi pale pale mionzi inapokuwa mikali zaidi. Sijui kazi nyingine ya hospitali iliyopangika vibaya namna hiyo bila mtu yeyote kukusudia.

Kioo kinachoning'inia darini ni kifaa kizuri sana. Kikikaa vizuri, hukata sehemu kubwa ya mtawanyiko unaoelekea usoni na shingoni. Lakini kiko kimoja, na kimefungwa mahali daktari anaposimama. Ndivyo ilivyo pia kwa pazia la risasi linaloning'inia ubavuni mwa meza: linafunika miguu ya daktari na pengine ya msaidizi wake. Upande wa kichwa mara nyingi ni wazi. Wauguzi wa usingizi huvaa aproni na kola ya shingo zenye risasi, kisha huishi kwa hatua zao wenyewe, kurudi nyuma pale wanapokumbuka na pale mtoto anapowaruhusu. Kinga ya magurudumu inayoweza kusimamishwa kichwani ipo, inatengenezwa, si uvumbuzi mpya. Ninachouliza ni kwa nini inaagizwa baadaye, kama ikiagizwa, wakati ile ya daktari inakuja pamoja na mashine.

Hata historia ya fani hii ina sura hiyo. Mwaka 1929, katika mji wa Eberswalde nchini Ujerumani, daktari kijana Werner Forssmann alijiingiza katheta mkononi hadi moyoni, kisha akatembea hadi chumba cha eksirei kuthibitisha ilipofika. Muuguzi Gerda Ditzen ndiye aliyempatia vifaa, baada ya kukubali yeye mwenyewe afanyiwe jaribio. Forssmann akamfunga kwenye meza, akajichoma yeye. Mwaka 1956 Forssmann alipata Nobeli pamoja na wenzake wawili. Na robo karne kabla ya jaribio hilo, mwaka 1904, alikufa Clarence Dally, msaidizi wa Thomas Edison, baada ya miaka ya kushughulika na tyubu za eksirei kwa mikono yake. Alikatwa viungo, na saratani haikusimama. Edison aliogopa, akaachana na eksirei. Aliyekuwa ameiweka mikono kwenye miale ni Dally.

Madhara ya leo si ya kutisha kwa namna ile. Hakuna anayetoka chumba cha katheta na vidonda mikononi. Yanakuja polepole, na jicho ndilo linalotoa ushahidi ulio wazi zaidi. Lenzi ya jicho haina mishipa ya damu ya kuondoa uchafu. Seli zilizoumizwa na mionzi husogea taratibu hadi nyuma ya lenzi na kujikusanya hapo kama ukungu. Huo ndio mwanzo wa mtoto wa jicho wa aina inayohusishwa na mionzi, na mhusika mara nyingi hahisi lolote kwa miaka. Katika uchunguzi ulioanzia Bogotá, Kolombia, mwaka 2008 chini ya Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki, madaktari wa moyo na wasaidizi wao walipimwa macho. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2010 yalionyesha ukungu huo kwa asilimia 38 ya madaktari, dhidi ya asilimia 12 ya watu wasiofanya kazi na mionzi. Takwimu hizo mbili zimenukuliwa kila mahali. Ya tatu hunukuliwa kwa nadra: asilimia 21 ya wauguzi na mafundi nao walikuwa na mabadiliko hayo. Mmoja kati ya watano, katika kundi ambalo halishiki katheta.

Mwaka uliofuata, 2011, Tume ya Kimataifa ya Kinga ya Mionzi ilishusha kikomo cha jicho kwa wafanyakazi kutoka milisivati (kizio cha kupimia dozi ya mionzi) 150 kwa mwaka hadi 20, wastani wa miaka mitano, bila kuvuka 50 katika mwaka wowote. Kushusha kikomo kwa zaidi ya mara saba si jambo dogo. Ni kukiri kwamba kwa miongo kadhaa watu waliambiwa wako salama kwa kipimo kisicho sahihi. Ili msomaji apate picha, mtu wa kawaida hupata takriban milisivati 2.4 kwa mwaka kutoka kwenye ardhi, anga na chakula, kwa wastani wa dunia nzima.

Miwani ya risasi husaidia, ila ina udhaifu ambao ungejulikana mapema kama wangeulizwa wanaoivaa. Mtawanyiko unatoka kifuani mwa mtoto, chini na pembeni ya uso, wakati macho yanatazama skrini iliyo upande mwingine. Miale inapenya chini ya fremu na pembeni mwa shavu, inafika kwenye lenzi bila kugusa kioo. Kusogeza skrini ili anayefanya kazi aelekeze uso mbele, na kuchagua miwani inayofunika ubavu wa jicho, kunaweza kufaa kuliko kununua miwani mizito zaidi.

Kuhusu saratani nitasema machache. Mwaka 2013 ilichapishwa orodha ya madaktari 31 wanaotibu kwa kuongozwa na eksirei waliopata uvimbe wa ubongo au shingo. Kati ya 26 ambao upande wa uvimbe ulijulikana, 22 walikuwa nao kushoto, upande unaokuwa karibu na mgonjwa. Orodha ya namna hiyo hukusanywa kwa kusikia habari za wenzao, na haiwezi kuthibitisha chanzo. Inatosha kutufanya tufunike upande wa kushoto.

Lakini tunawezaje kujua nani anapata kiasi gani? Hapa ndipo ninapokasirika. Kila mfanyakazi wa mionzi hupewa beji ya kupimia. Utaratibu bora ni beji mbili, moja chini ya aproni kifuani, nyingine nje usawa wa kola, ili ya kwanza ikadirie dozi ya mwili na ya pili ile ya macho. Sasa fikiria ripoti inayobandikwa ubaoni baada ya miezi mitatu: jina, namba, sifuri. Jina, namba, sifuri. Ukurasa mzima. Mkuu wa idara anaitazama na kufurahi. Sifuri hiyo inaweza kumaanisha kinga ni kamili. Inaweza pia kumaanisha beji ilikaa kabatini miezi yote mitatu, ikipima giza la kabati. Ripoti haiwezi kutofautisha, na asiyeuliza ameamua kutojua.

Kwa nini mtu aache beji yake? Si uzembe peke yake. Katika sehemu nyingi anayekaribia kikomo huondolewa chumbani, na kwa daktari anayejifunza kuondolewa ni kupoteza idadi ya matibabu anayohitaji ili afuzu. Kwa muuguzi inaweza kuwa kupoteza posho, au kuwaachia wenzake mzigo, na chumba kina wauguzi watatu tu wanaojua kazi ya watoto. Kwa hiyo kifaa kilichotengenezwa kumlinda kinageuka shahidi dhidi yake. Mfumo unaomwadhibu anayepima kwa uaminifu utaletewa sifuri hadi siku ya mwisho. Kinachotakiwa ni kwamba namba kubwa ifungue uchunguzi wa chumba: kioo kilikuwa wapi, ni matibabu gani yaliyokuwa marefu, nani alikuwa anasukuma dawa. Mtu aendelee na kazi yake wakati chumba kinarekebishwa.

Siku hizi kuna vipimo vinavyoonyesha dozi papo hapo, vyenye mistari ya rangi kwenye skrini, kijani, njano, nyekundu, mmoja kwa kila aliyemo. Thamani yake kubwa ni kwamba vinawaonyesha wote, kwa wakati mmoja, mstari wa muuguzi ukipanda kuwa mwekundu huku wa daktari, nyuma ya kioo chake, ukibaki kijani. Hakuna semina inayofundisha hivyo.

Wapo watakaosema, na wanasema kwa nia njema, kwamba mtoto akiwa anabadilika rangi kuwa wa bluu hakuna anayefikiria mionzi yake mwenyewe. Naheshimu moyo huo. Lakini dharura ni dakika chache katika siku ya saa nane, na kilichobaki kinaweza kupangwa. Tena, mengi yanayompunguzia mtoto dozi humpunguzia kila aliyesimama karibu naye. Kubana dirisha la miale libaki kwenye moyo tu hupunguza mtawanyiko na kuiweka mikono nje. Kushusha picha kwa sekunde kutoka 15 hadi 7.5 pale mwendo unaporuhusu hukaribia kukata dozi kwa nusu, ingawa mashine nyingine huongeza nguvu ya kila pigo la miale kufidia. Wavu unaokaa mbele ya kipokezi kuchuja mtawanyiko unaweza kutolewa kwa mtoto mdogo, na mashine ikipata mwanga wa kutosha inapunguza miale yenyewe. Kutumia picha ya mwisho iliyoganda kwenye skrini, badala ya kukanyaga pedali ili kuangalia tena, hakugharimu chochote.

Si kila kitu kinaenda sambamba, na tusifiche. Kuna mashuka maalumu ya kinga yanayolazwa juu ya mgonjwa ili kumeza mtawanyiko kabla haujawafikia wafanyakazi. Shuka likiwa nje ya dirisha la miale linasaidia. Likiteleza likaingia ndani, mashine inadhani mwili umenenepa na inaongeza miale, na anayelipa ni mtoto. Glavu za risasi zina kasoro hiyo hiyo: mkono ukionekana kwenye skrini, glavu huamsha miale zaidi, na mkono unapata mingi kuliko mvaaji anavyodhani. Katika mgongano wa namna hiyo mtoto hutangulia, na sijawahi kusikia muuguzi akidai vinginevyo.

Aproni nazo zinahitaji kuangaliwa upya. Yenye unene sawa na nusu milimita ya risasi huzuia zaidi ya asilimia 90 ya mtawanyiko, lakini ni nzito, na maumivu ya mgongo ni malalamiko ya kila siku ya kazi hii. Nyingi zimekatwa kwa umbo la mwanamume. Mwanamke akinyoosha mkono kurekebisha mpira wa hewa, tundu la kwapa linafunguka na upande wa titi unabaki wazi, ukielekea kwa mtoto. Fani yenye wauguzi wengi wanawake imekaa na mshono huo miaka yote hii. Na akishika mimba, mara nyingi huambiwa ahame, au yeye mwenyewe hukaa kimya akiogopa kuhamishwa. Mwongozo wa kimataifa hausemi lazima ahame. Unasema akishatoa taarifa, mtoto aliye tumboni asipate zaidi ya takriban milisivati moja kwa kipindi cha mimba kilichobaki, jambo linalowezekana kwa aproni inayomkaa, beji ya ziada tumboni chini ya aproni, na kupangiwa nafasi iliyo mbali na meza. Yote yanategemea awe na uhakika kwamba akisema hatapoteza kazi yake.

Kuna pia neno moja. Timu ambayo daktari hutamka "picha" kabla ya kurekodi, na kusubiri aliye kichwani ajibu kwamba amerudi nyuma, inapoteza sekunde mbili. Mpira mrefu wa dawa unamruhusu muuguzi atoe dawa akiwa mita moja na nusu badala ya kuinama juu ya mkono wa mtoto. Haya hayahitaji bajeti mpya. Yanahitaji daktari akubali kwamba pedali iliyo chini ya mguu wake inawagusa watu asiowaona, kwa kuwa amewapa mgongo.

Na wakati mwingine pedali haihitajiki kabisa. Mwaka 1966 William Rashkind wa Philadelphia alionyesha kwamba watoto waliozaliwa na mishipa mikuu iliyobadilishana nafasi wanaweza kuokolewa kwa kupitisha puto dogo moyoni na kupanua tundu kati ya vyumba vya juu. Alifanya hivyo akiongozwa na eksirei. Leo kazi hiyo hiyo hufanywa mara nyingi kitandani, katika wodi ya uangalizi maalumu, puto likifuatiliwa kwa mawimbi ya sauti. Hata matibabu ya mapigo ya moyo yasiyo sawa kwa watoto sasa hufanyika katika vituo vingi kwa ramani za umeme wa moyo, bila eksirei au kwa eksirei kidogo mno. Si kila kasoro itakubali njia hiyo. Valvu iliyobana ya mtoto wa siku nne bado inaihitaji tyubu. Lakini pale inapokubali, king'ora kikilia, muuguzi anainama kichwani pa mtoto na kuushika mpira wa hewa kwa muda wote anaohitaji, shingo yake wazi, aproni ikiwa imetundikwa ukutani katika chumba kingine.